Mpira wa Kikapu na Malezi ya Vijana: Kocha Afundishe Nini?

Mzazi mmoja wa hapa Kisugu alinisimamisha njiani jioni moja nilipokuwa nikitoka kazini, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Mwalimu," alisema, "mwanangu yuko kwako jioni mara nne kwa juma. Hurudi amechoka, viatu vimeachama, na chakula cha watu wawili hukimaliza peke yake. Silalamiki. Lakini hebu niambie, unamfundisha nini huko?"

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni: namfundisha kudunda mpira, kupiga pasi, kulenga kikapu na kumzuia mpinzani bila kumgusa. Nililimeza jibu hilo, kwa sababu mama yule hakuuliza hayo. Mtu anayesonga posho kwa ajili ya watoto watano, na kuhesabu kila kipande cha sabuni, hana haja na habari za kudunda mpira. Aliuliza mwanawe atakuwa mtu wa namna gani atakapokuwa amemaliza kucheza. Makala haya, basi, ni jaribio langu la kumjibu, na naomba radhi kwake kwamba jibu limechelewa.

UWANJA WENYE KIKAPU KIMOJA

Kwa wasomaji walio mbali, Kisugu ni mtaa wa tarafa ya Makindye katika jiji la Kampala. Juu yetu kuna kilima cha Muyenga, chenye matangi ya maji na nyumba za watu wenye nafasi. Chini yetu kuna bonde la Namuwongo, linakopita reli, ambako mvua ikinyesha kwa nguvu maji huingia nyumbani bila kupiga hodi. Watoto wa juu na watoto wa chini hawasomi shule moja, wala hawanywi chai ya namna moja. Lakini jioni, saa kumi na moja inapotimu, hukutana katika uwanja mmoja wa saruji, katika shule ambayo mwalimu mkuu wake ametukubalia kuutumia baada ya masomo. Uwanja una nguzo mbili na kikapu kimoja tu. Cha pili kilianguka kwa kutu kabla sijafika mimi, na chuma chake kilikokwenda hakuna aliyekubali kusema.

Mimi si mchezaji mwenye sifa. Nilisomea ualimu wa shule za msingi, nikapata cheti, nikafundisha miaka minne, kisha nikahamishiwa ofisini ambako kazi yangu ni majalada. Mpira wa kikapu niliucheza chuoni kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wenzangu kidogo, wala si kwa sababu nilikuwa hodari. Kwa hiyo watoto hawa waliponiomba niwasimamie, miaka sita iliyopita, nilichokuwa nacho cha kuwapa ni ualimu, basi. Huko Tanzania wachezaji humwita kocha wao "mwalimu", na magazeti yao huandika hivyo hivyo. Kwa maoni yangu hakuna jina linalofaa zaidi. Nami nahesabia mazoezi kwa Kiswahili, moja mbili tatu, ingawa watoto wangu husemezana kwa Kiganda, maana tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, nimeona si vibaya wakianza na tarakimu.

MCHEZO ULIOBUNIWA KUWA DAWA

Wapo wazazi wanaodhani kwamba habari za tabia njema zimebandikwa juu ya mchezo huu baadaye, kama kiraka. Sivyo. Mnamo Desemba 1891, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye James Naismith, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa amesomea pia mambo ya dini, alikabidhiwa darasa la vijana 18 ambalo walimu wawili kabla yake walikuwa wamelishindwa. Ilikuwa majira ya baridi kali, vijana hawakuweza kucheza nje, na kila mchezo wa nje ulioletwa ndani ya ukumbi uliishia kwa kuumizana. Naismith akatundika vikapu viwili vya kuvunia matunda kwenye baraza ya juu ya ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13, akawapa mpira wa kandanda.

Ukizitazama kanuni zile utaona alichokuwa akikitafuta. Alikataza kukimbia na mpira mikononi, kwa kuwa aliona kwamba anayekimbia nao ndiye anayekamatwa na kuangushwa. Alikataza kumpiga mwenzio kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega na kumpiga. Kikapu alikiweka juu ya vichwa ili mpira urushwe kwa kulenga na si kwa nguvu. Kimo kile cha futi 10 hakijabadilika hata leo. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe ulibuniwa na mwalimu ili kuwafunza vijana wakorofi kushindana bila kudhuriana.

Chuo kile cha Springfield kilikuwa cha YMCA, chama hicho hicho ambacho uwanja wake wa Wandegeya, hapa kwetu Kampala, unajulikana na kila mtu aliyewahi kuufuata mchezo huu. Naismith mwenyewe baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akaiongoza timu ya huko tangu 1898 hadi 1907, akashinda michezo 55 na kushindwa 60. Makocha wote waliokwisha kumfuata pale waliondoka wakiwa wameshinda zaidi ya walivyoshindwa. Aliyeubuni mchezo ndiye peke yake aliyetoka na deni. Huwa nawasimulia vijana wangu habari hii kila tunapofungwa, nao hucheka, ingawa nadhani siku hizi wameichoka.

MWALIMU WA SOKSI

Miongoni mwa makocha wote ambao habari zao nimezisoma, aliyenifundisha zaidi ni John Wooden, Mmarekani aliyezaliwa 1910 na kufariki 2010. Timu yake ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya mwaka 1964 na 1975, na mara 7 kati ya hizo zilifuatana. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba alifika UCLA mwaka 1948. Ubingwa wa kwanza ulimchukua zaidi ya miaka 15. Nawaomba wazazi wanaotaka kikombe kila likizo waitazame vizuri tarakimu hiyo.

Kabla ya kuwa kocha wa sifa, Wooden alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na ualimu haukumtoka. Siku ya kwanza ya mazoezi, vijana waliotoka kila pembe ya Marekani, nyota wa shule zao, walikalishwa chini wakafundishwa kuvaa soksi. Walionyeshwa jinsi ya kuivuta isifanye mkunjo kisiginoni wala vidoleni, na jinsi ya kukaza kamba za viatu. Wengine waliona wamedharauliwa. Lakini mkunjo wa soksi huleta lengelenge, lengelenge humkosesha mtu mazoezi, na anayekosa mazoezi amewapungukia wenzake. Mimi nilipolijaribu somo hili hapa Kisugu niligundua kwamba watoto wanne hawakuwa na soksi kabisa. Somo likabadilika likawa la kuosha na kukausha miguu, na wale wenye jozi tatu nyumbani wakajua wenyewe la kufanya, bila ya mimi kufungua kinywa.

Katika msimu wa 1974 hadi 1975 wataalamu wawili wa saikolojia, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa kando ya uwanja wakati wa mazoezi yake, wakaandika kila alilolisema na kulifanya. Walihesabu vitendo 2,326 vya kufundisha. Walitazamia kukuta sifa nyingi na makaripio mengi, kama ilivyo desturi ya makocha. Walichokikuta ni kwamba sifa zilikuwa asilimia 6.9, makaripio asilimia 6.6, na kiasi cha robo tatu ya maneno yake yote yalikuwa maelezo matupu: fanya hivi, usifanye vile, sogea, pasi mapema. Kijana alipokosea, Wooden alimwonyesha namna iliyo sahihi, akamwigizia alivyokosea, kisha akarudia iliyo sahihi, yote hayo kwa muda wa sekunde chache, mazoezi yakaendelea.

Niliposoma hesabu hiyo nilimwomba mdogo wangu aje uwanjani na daftari, anihesabu na mimi. Matokeo sitayachapisha hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nikidhani mimi ni mpole.

Kuna kocha mwingine, Dean Smith wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ambaye aliwafundisha wachezaji wake kwamba kila anayefunga amwonyeshe kwa kidole yule aliyempa pasi. Ni jambo dogo, lisilo gharama, na sisi tumelichukua. Mtoto wa Muyenga anayefunga kwa pasi ya mtoto wa Namuwongo sharti amwonyeshe kidole mbele ya watu wote. Mwanzoni walifanya kwa mzaha. Siku hizi ukisahau, unakumbushwa na timu nzima kwa kelele.

YANAYOHUSU NYUMBANI

Uwanja peke yake hauwezi kulea. Mtoto huwa nami saa mbili. Saa nyingine zote ni za nyumbani na shuleni. Kwa hiyo niruhusiwe kusema machache kwa wazazi, hasa kina mama, ambao ndio huona jasho linapofuliwa.

Mtoto asije uwanjani na njaa, wala asije ameshiba sana. Ndizi mbivu mbili, au kiazi kitamu kilichobaki cha mchana, vyatosha kabla ya mazoezi. Maji ya kunywa yachemshwe, yabebwe katika chupa yake mwenyewe. Chupa moja ya kuzungushwa kwa midomo ishirini ni ugonjwa wa kuzungushwa. Viatu vya raba vya mitumba vinafaa kabisa, mradi soli haijawa laini, maana saruji ikiwa na vumbi huteleza kama sabuni. Na goti likivimba asifungwe kitambaa na kurudishwa mchezoni. Apumzishwe, na uvimbe usiposhuka apelekwe kituo cha afya.

Kuhusu wasichana nina la kusema kidogo zaidi. Wapo saba katika kundi letu, nao hufika wamechelewa karibu kila siku. Kwa muda mrefu niliwafanya wazunguke uwanja mara tano kwa kosa hilo, kama wavulana. Kisha nikaja kujua kwamba jioni ndiyo saa ya kuteka maji na kuosha vyombo, na kwamba ndugu zao wa kiume, ambao mimi nilikuwa nikiwasifu kwa kuwahi, walikuwa wamewaachia kazi zote. Tangu siku ile adhabu ya msichana aliyechelewa kwa sababu ya vyombo hukimbiwa na kaka yake. Wasichana sasa hufika mapema, na nasikia kuna nyumba mbili tatu katika Kisugu ambako wavulana wameonekana na sufuria mkononi.

Jambo la mwisho la nyumbani ni matumaini. Wazazi wengi wanajua kwamba timu yetu ya taifa ilifuzu kwa mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na kwamba mwaka 2021, mjini Kigali, iliitoa Nigeria na kufika robo fainali. Wanajua kwamba City Oilers, mabingwa wetu wa miaka mingi, walicheza katika ligi ya mabingwa wa Afrika mwaka 2023. Wamesikia habari za Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama 15, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi kuu ya Marekani. Ni habari za kweli na za kutia moyo. Lakini hata Thabeet, kwa urefu wake wote, alidumu katika ligi ile kwa miaka michache tu. Mwaka 2014 alikuwa amekwisha kutoka. Katika watoto wangu thelathini na wawili huenda asitoke hata mmoja wa kulipwa kwa kucheza. Mzazi anayemleta mwanawe kama anayenunua tiketi ya bahati nasibu hunitia hofu, kwa sababu mtoto huyo, siku atakayoachwa nje ya timu, atajiona amewafilisi nyumbani.

KARATASI YA UMRI

Nimefika sasa mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini sitapita.

Likizo ndefu ya mwaka juzi tulialikwa katika mashindano ya vijana walio chini ya miaka 16. Majuma mawili kabla ya kuanza, mtu mmoja anayependa sana michezo alituletea kijana kutoka mtaa mwingine. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana, mtulivu, anayeudaka mpira kutoka kwenye ubao kama anayechuma embe. Karatasi yake ilisema ana miaka 15. Mimi nilijua ana 18, kwa sababu alikuwa amesoma darasa moja na mdogo wangu. Alinitambua, nami nilimtambua. Hakuna aliyesema neno.

Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia kwamba karatasi haikuandikwa na mimi. Nilijiambia kwamba timu nyingine zinafanya vibaya zaidi, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba watoto wa Kisugu hawajawahi kushinda kitu chochote, na kwamba kikombe kingewafaa kuliko kanuni. Mimi, ambaye kazi yangu ya mchana ni kuhakikisha kwamba kilicho ndani ya jalada kinalingana na kilicho nje yake.

Ili mkubwa aingie, mdogo alitoka. Aliyetoka alikuwa mvulana wa miaka 14, mwana wa mshonaji wa nguo wa huku bondeni. Mfupi, si mwepesi, lakini ndiye aliyefika wa kwanza kila siku na kufagia uwanja kabla ya wenzake. Nilimwambia atakuwa wa akiba. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaendelea kufagia.

Tulishinda. Tulishinda kila mchezo, na fainali tulishinda kwa vikapu vingi hata nikaona haya kidogo nikiwa pale pale benchi. Kikombe nilikiweka juu ya kabati sebuleni kwangu, na majirani walikuja kukitazama.

Siku chache baadaye yule mvulana alikuja na mama yake kutoa pongezi. Mama alileta mayai sita ndani ya kitambaa. Tulikunywa chai. Mvulana alikitazama kikombe kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, bila uchungu wowote, kama mwanafunzi anayeuliza utaratibu: "Mwalimu, mwakani nikiwa bado sijakua vya kutosha, na mimi nitaandikiwa karatasi nyingine?"

Mama yake alimkanya. Mimi sikupata la kusema. Nilimmiminia chai ambayo hakuiomba.

Nilichokuwa nimemfundisha ni hicho, na alikuwa amekielewa barabara. Kila nilichokisema kuhusu soksi, kidole cha shukrani na saa ya kufika, kilikuwa kimesemwa kwa mdomo. Hiki kimoja nilikuwa nimekifundisha kwa vitendo. Lililonitesa zaidi ni kwamba juma lile lile la mashindano nilikuwa nimewasimulia habari nyingine ya Wooden. Mwaka 1947, akiwa kocha wa chuo cha ualimu cha Indiana State, timu yake ilialikwa katika mashindano ya taifa ya vyuo mjini Kansas City. Waandalizi walikuwa na sharti kwamba wachezaji weusi hawaruhusiwi. Katika timu alikuwamo kijana mweusi mmoja, Clarence Walker, ambaye hakuwa nyota, tena aghalabu alikaa benchi. Wooden aliukataa mwaliko ule, timu nzima ikabaki nyumbani kwa ajili ya mchezaji wa akiba. Mwaka uliofuata sharti likaondolewa, wakaenda, na Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano yale. Walifungwa katika fainali. Niliisimulia habari hiyo kwa sauti nzuri, na yule mdogo wa akiba alikuwa amekaa mbele yangu.

Nisije nikamfanya Wooden mtakatifu, maana hata yeye ana sura nyingine. Kwa miaka mingi tajiri mmoja mshabiki wa UCLA alikuwa akiwapa wachezaji zawadi zisizoruhusiwa, na chuo kiliadhibiwa mwaka 1981, Wooden akiwa amekwisha kustaafu. Watu waliuliza, na bado huuliza, ilikuwaje mtu aliyeona mkunjo wa soksi asiyaone hayo. Mimi sina haki ya kumhukumu. Najua tu kwamba kutoona ni kazi, na kwamba mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa.

Ilinichukua siku kumi na moja. Nilikwenda kwanza kwa yule kijana mkubwa, kwa sababu barua yangu ingemgusa yeye kuliko mtu yeyote. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba tangu aanze kucheza hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza umri wake, huambiwa tu. Kisha nikawakusanya watoto wote uwanjani nikawaeleza nilichokifanya na nitakachokifanya. Ndipo nikaandika barua kwa waandalizi na kurudisha kikombe ndani ya mfuko wa karatasi, kwa boda boda, nikikipakata mapajani.

Adhabu tuliipata: mwaka mmoja nje ya mashindano yale. Hiyo ilikuwa haki. Iliyokuwa nzito ni ya mtaani. Mzee mmoja alifika nyumbani kwangu usiku akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Umejisafisha wewe," aliniambia, "watoto umewapaka matope." Alikuwa na sehemu ya ukweli, kwa kuwa wengi wa wachezaji hawakujua lolote kuhusu ile karatasi na medali zao walizipata kwa jasho lao. Wachezaji kumi na mmoja wa kundi la wakubwa waliacha kuja. Wengine walihamia viwanja vyenye vikapu viwili. Mkubwa yule naye alichukuliwa na timu nyingine, ambako nasikia umri wake bado haujafika 17. Hukutana nami mara kwa mara kwenye njia panda ya Kabalagala, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," nami huitikia, lakini kila mara neno hilo la mwisho hunikwama masikioni.

Siku ya Jumatatu iliyofuata nilikwenda uwanjani nikitarajia kukuta saruji tupu. Mvulana wa ufagio alikuwapo. Walikuwapo wasichana wote saba, kaka wawili wa wasichana hao, na wadogo wasioelewa kilichotokea. Tulifanya mazoezi ya pasi.

Jezi zetu ni kumi na mbili, za mitumba, rangi ya kijani, nazo hufuliwa kwa zamu na kina mama. Jumatatu ile zamu ilikuwa ya mshonaji. Alizileta jioni mwenyewe, zimepigwa pasi, zimefungwa ndani ya leso, akaziweka juu ya benchi, akasalimu na kwenda zake bila kungoja. Nilizihesabu kama ninavyohesabu siku zote. Zilikuwa kumi na mbili kamili. Namba 11, ile kubwa aliyoivaa kijana mrefu katika fainali, ilikuwa imepunguzwa ubavuni na mabegani, mshono mdogo mdogo wa mkono, na pindo limepandishwa kiasi cha shubiri moja.